Baina ya Wajibu na Muhali: Mwanafalsafa wa Turin na Nchi ya Waturkana

Msafiri atokaye Lodwar kwa barabara kuu iendayo Sudan Kusini, akiisha kuupita mji wa Kakuma ulio kando ya mto Tarach, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu wa kuchimbwa visima kwa mikono, huufikia mji wa Lokichoggio yapata kilomita 30 kabla ya mpaka. Na jambo la kwanza limshangazalo si joto, kwa maana joto amekwisha kufanya nalo suluhu tangu Lodwar, bali ni ukubwa wa kiwanja cha ndege ukilinganishwa na udogo wa mji wenyewe. Njia ya kurukia ndege, iliyopokea zamani ndege nzito za mizigo mchana kutwa, imelala pale kama mkeka uliotandikiwa wageni walioahidi kurudi. Wenyeji, ambao kwa wepesi wa ulimi huuita mji wao Loki tu, hawaoni ajabu yoyote katika jambo hilo: mbuzi hupita, mchungaji hupita nyuma yao, na jua huendelea na kazi yake.

Mahali kama hapo, ambapo yaliyokuwako na yaliyotazamiwa kuwako hukaa bega kwa bega bila ya kusemezana, humkumbusha mtu aliyewahi kuisoma falsafa ya Ulaya ya karne ya ishirini jina la Mwitalia mmoja asiyetajwa sana katika Afrika ya Mashariki, naye ni Nicola Abbagnano, aliyezaliwa Salerno tarehe 15 Julai 1901 na kufariki Milan tarehe 9 Septemba 1990, baada ya kuisomesha historia ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Turin kwa miaka isiyopungua 35. Madhehebu yake ya fikra wataalamu wetu wa lugha wameyapa jina la udhanaishi, jina ambalo sina ugomvi nalo ila kwamba humpotosha msomaji, akadhani kuwa ni elimu ya dhana, kumbe ni elimu ya wujudi, yaani ya kule kuwako kwa mtu huyu mmoja, mwenye jina lake na siku zake za kuhesabika, asiyeweza kumwachia mwenziwe kazi ya kuishi kwa niaba yake.

Sitasema kuwa Turin na Turkana zimeunganishwa na kitu kikubwa. Zimeunganishwa na nyuzi nyembamba, nyingine za vita, nyingine za dini, na moja ya fikra tupu. Na hii ya mwisho ndiyo niliyoikusudia, kwa kuwa jambo alilolitafuta Abbagnano maisha yake yote vitabuni, nchi hii imelitenda kwa miguu tangu kale.

Mwanafunzi aliyekaa chuoni Lamu au Unguja, akafika katika ilimu ya tauhidi, hufundishwa mapema kuwa hukumu za akili ni tatu wala hazizidi: wajibu, nalo ni jambo ambalo akili haikubali kutokuwako kwake, muhali, nalo ni lile ambalo akili haikubali kuwako kwake, na jaizi, nalo ni lile ambalo kuwako kwake na kutokuwako kwake vyote viwili akili huvikubali. Mtoto hukariri maneno hayo akiyumba mbele na nyuma juu ya jamvi, bila ya kujua kuwa ameshikishwa ufunguo wa milango mingi. Abbagnano hakusoma chuoni Lamu, lakini lau angalisoma, nadhani angaliweza kuieleza falsafa yake yote kwa maneno hayo matatu, tena kwa ufupi kuliko alivyoieleza kwa Kiitalia. Kwani mashitaka yake juu ya wanafalsafa waliomtangulia ni haya, kwamba kila mmoja wao alianza kwa kumwona binadamu katika hali ya jaizi, kisha kwa uoga au kwa kiburi akamsukumia katika wajibu au akamtumbukiza katika muhali.

Alikulia katika Italia ya kusini, akasoma Napoli kwa mwalimu Antonio Aliotta, akahitimu mwaka 1922, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake cha kwanza, Le sorgenti irrazionali del pensiero, kinachozungumzia chemchemi za fikra zisizotokana na akili. Kwa kijana wa Napoli wa siku hizo hilo lilikuwa jambo la ujasiri, kwa sababu Napoli ulikuwa mji wa Benedetto Croce, na falsafa ya Italia nzima ilikuwa imegawanywa baina ya Croce huyo na Giovanni Gentile, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Mussolini. Na wote wawili, ijapokuwa walikosana vikali katika siasa, walikubaliana kwamba historia ni Roho inayojifunua yenyewe, na kwamba lililotukia lilikuwa na sababu yake ya kutukia. Katika nyumba hiyo ya wajibu mtu mmoja mmoja hana chumba. Njaa yake, kosa lake, uamuzi alioufanya usiku akitetemeka, yote huyeyuka katika mwendo wa jumla kama punje ya chumvi katika maji ya bahari. Abbagnano alifundisha Napoli kwa miaka kadhaa akiwa na ghasia hiyo rohoni, hata mwaka 1936 akaitwa Turin, na huko mwaka 1939 akatoa La struttura dell'esistenza, kitabu kilichoufungulia udhanaishi mlango wa Italia, miaka minne kabla ya Sartre hajatoa kile kitabu chake kikubwa mjini Paris.

Hapa yafaa kwenda polepole, kwa maana ndipo penye kiini. Martin Heidegger, aliyetoa Sein und Zeit mwaka 1927, alimwelezea mtu kuwa ni kiumbe wa yamkini, yaani asiyekwisha kuumbika kama jiwe au meza, bali aliye mbele ya nafsi yake daima. Lakini akaona kuwa yamkini zote huishia katika moja isiyoepukika, nayo ni mauti, na kwamba mtu wa kweli ni yule aishiye akiikabili hiyo, akijua kuwa ametoka katika utupu na katika utupu atarejea. Karl Jaspers naye akaelekeza uso upande wa pili, kwa Upeo ulio juu ya yote, ambao mtu huutamani lakini kila jitihada ya kuufikia huvunjika mkononi mwake, na katika kule kuvunjika ndimo apatamo habari zake. Abbagnano aliwasoma wote wawili kwa heshima, kisha akauliza swali la mtu wa sokoni: ikiwa yamkini yangu ya mwisho ni utupu, au ni Upeo nisioweza kuufikia, je, hiyo bado ni yamkini, au ni muhali uliovishwa kanzu? Mmoja amemfunga mtu kwa alikotoka, mwingine amemfunga kwa anakokwenda, na wote wawili wameisahau njia.

Njia, kwake yeye, ndiyo wujudi wenyewe. Kuwako kwa mtu ni ule uhusiano wake na kuwa, ni kule kujitahidi kuwa kitu ambacho bado hajawa na huenda asiwe. Na kwa kuwa huenda asiwe, hana dhamana mfukoni, wala ya kufaulu wala ya kushindwa. Watu wengi huipenda nusu moja ya maneno hayo na kuiacha nyingine. Wenye matumaini hupenda kusikia kuwa lolote lawezekana, na wenye majonzi hupenda kusikia kuwa hakuna dhamana. Abbagnano alishikilia kuwa ni jambo moja lenye nyuso mbili, na kwamba yamkini isiyobeba ndani yake uwezekano wa kutokuwa si yamkini tena. Kwa hiyo akaiita falsafa yake udhanaishi wa upande wa kuthibitisha, ili kuitenga na ule wa kukanusha, na akampinga Sartre pia, kwa kuwa uhuru usio na mpaka, ambao katika huo uchaguzi wowote ni sawa na mwingine, hauwezi kumsaidia mtu kubagua baina ya yamkini ya kweli na ubatili mtupu.

Basi kipimo ni kipi? Jibu lake, alilolifafanua zaidi katika Possibilità e libertà ya mwaka 1956, ni jepesi kulitamka na zito kulibeba: uchaguzi ulio halali ni ule ambao, ukiisha kuchaguliwa, wabaki kuwa wa kuchagulika tena. Mtu akichagua jambo ambalo kwa kulichagua tu amejifungia mlango wa kuchagua, huyo hakuutumia uhuru bali ameuteketeza. Nimesoma vitabu vingi vya maadili vyenye kurasa nyingi kuliko hekima, wala sikuona humo kipimo kilicho karibu hivi na akili ya mfugaji; na sababu ya kusema hivyo nitaieleza nikiisha kumaliza habari za vita.

Mwaka ule ule wa 1936, Abbagnano alipohamia Turin, majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei, na kwa ghafula Turkana, iliyokuwa pembe iliyosahauliwa ya milki ya Kiingereza, ikawa jirani wa milki ya Kiitalia. Lokitaung ikawa ngome ya askari wa King's African Rifles, na nchi ya Ilemi, iliyo kaskazini ya Lokichoggio na ambayo hata leo ramani huichora kwa mstari wa nukta, ikawa uwanja wa kuviziana. Gavana mkuu wa Waitalia katika Uhabeshi alikuwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, mzaliwa wa Turin, mtu mrefu wa adabu nyingi, aliyesalimu amri Amba Alagi mwezi wa Mei 1941 na kuletwa Kenya kama mateka, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na akazikwa Nyeri pamoja na askari wake, ambako kaburi lake lipo hata leo. Huyu ndiye mtu wa Turin wa kwanza katika habari yetu: aliijia Afrika kwa hoja ya wajibu, kwamba milki ya Roma ilipaswa kurudi, akazikwa katika ardhi ya Nyeri.

Wa pili hakuwa wa Turin, lakini hakika siwezi kumpita. Mwezi wa Januari 1943, katika kambi namba 354 ya mateka wa Kiitalia huko Nanyuki, Felice Benuzzi na wenziwe wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka, si kwa kukimbilia nchi isiyo ya vita, jambo ambalo lilikuwa karibu na muhali, bali kwa kuupanda Mlima Kenya kwa vyombo walivyovitengeneza kwa siri kutokana na takataka za kambi. Na baada ya siku 18, wawili wao wakiwa wamekwisha kuisimamisha bendera yao juu ya Lenana, wakarudi wenyewe na kujitia tena kifungoni, ambako walipewa adhabu yao wakaipokea. Miezi hiyo hiyo, katika jarida la Primato huko Italia, wanafalsafa walikuwa wakijadiliana juu ya udhanaishi, Abbagnano akiwa mmoja wao. Wale wa jaridani waliandika, na huyu wa Nanyuki alipanda. Na mtu akiniuliza ni nani kati yao aliyefahamisha vizuri zaidi maana ya yamkini ya mtu aliyefungwa, nitamwomba aniruhusu nisijibu.

Tuirejee Turkana. Wazee husimulia kwamba hapo kale, Waturkana walipokuwa bado hawajawa Waturkana bali jamaa moja na Wajie wa upande wa Uganda wa leo, fahali mmoja wa kijivu alipotea, akashuka magenge kuelekea mashariki. Vijana wakatumwa kumtafuta, wakaufuata unyayo wake hata bonde la Tarach, na huko wakamkuta bikizee aitwaye Nayece, Mjie mwenzao, akichuma matunda ya mwituni peke yake, na fahali yu pamoja naye, amenenepa. Bibi huyo akawaonyesha nchi, malisho yake na matunda yake, nao wakarejea kwao, wakawaambia vijana wengine, wakashuka pamoja na mifugo yao. Kilima kiitwacho Moru Anayece ni kumbukumbu ya bibi huyo, na watu hutaja jina lake kama vile watu wa pwani wanavyotaja majahazi ya Washirazi.

Katika hekaya hiyo hamna amri ya Mungu iliyomtuma mtu, wala nchi ya ahadi, wala mfalme. Ilitosha mnyama aliyepotea na mwanamke mzee mwenye njaa. Kabila zima limejengewa msingi juu ya jambo ambalo lilikuwa jaizi lisitukie. Fahali angaliweza kuliwa na simba, na bikizee angaliweza kufa kwa kiu, na vijana wangaliweza kuchoka siku moja kabla. Wala hawakukatisha njia ya kurudi: walirudi, wakachagua tena, ndipo wakahama.

Na maisha waliyoyaanzisha huko yakafuata kanuni ile ile. Mturkana hafugi aina moja ya mnyama bali tano, ng'ombe na ngamia na mbuzi na kondoo na punda, kwa maana kila mmoja hula chake na hustahimili kiu yake. Na mali hiyo haiweki mahali pamoja, bali huigawa, ng'ombe wapande milimani, ngamia wabaki na majani ya miti bondeni, mbuzi wa maziwa wabakie karibu na awi, yaani boma, walipo watoto. Na sehemu nyingine huiweka kwa marafiki wa mbali, ambao naye huwatunzia wanyama wao. Mgeni aionaye tabia hiyo husema huyu mtu hana makao. Kumbe amejiwekea akiba ya uchaguzi: ukame ukija upande huu, au wavamizi wakija upande ule, hapati kuambiwa kuwa yote yamekwisha, kwa kuwa yote hayakuwa mahali pamoja. Na kumchinja mbuzi jike wa mwisho, hata kwa njaa kali, huhesabiwa karibu na wazimu, kwa sababu ni uchaguzi uzibao mlango nyuma yake. Mzee asiyejua kusoma angalimfahamu profesa wa Turin kwa sentensi moja.

Kwa ajili hiyo huwa naona tabu kumfuata hadi mwisho Profesa John Mbiti, mwanachuoni wa Kikamba aliyefariki mwaka 2019, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika aliyachukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za wakati wa Kiafrika, akidai kuwa wakati ujao karibu haupo kwetu, kwa kuwa yasiyotukia hayajawa wakati. Kazi yake ni kubwa, na sisi wa Kiswahili tuna deni kwake kwa kuyapeleka maneno hayo katika madarasa ya ulimwengu. Lakini mtu agawaye kundi lake mafungu manne kabla ya kiangazi anafanya nini, ikiwa hafikirii yajayo? Hayafikirii kama kalenda, hilo kweli. Huyafikiria kama jaizi.

Fauka ya hayo wako waganga watazamiaji, kila mmoja wao akiitwa emuron, waliokuwa na neno kubwa katika vita na mahamisho. Mashuhuri wao alikuwa Lokerio wa karne ya kumi na tisa, aliyewapeleka vijana mbali sana kutafuta ngamia, na ambaye husimuliwa kuwa aliyapiga maji ya ziwa kwa fimbo yake yakagawanyika. Emuron husoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, akayaona humo malisho na adui kama mtu aonavyo mji kutoka juu ya mnara. Msomaji atakayetabasamu kwa dharau na akumbuke kuwa Italia ya kale ilifanya vivyo hivyo, na kwamba ini la shaba lenye majina ya miungu, walilolichora Waetruski ili kufundishia kazi hiyo hiyo, lilifukuliwa karibu na Piacenza mwaka 1877, na sasa latunzwa kwa fahari katika makumbusho ya mji huo.

Waliotoka nje kuja kuitawala nchi hii hawakuwa na subira hiyo ya jaizi. Waingereza, baada ya kuivunja nguvu ya Waturkana kwa safari za kijeshi, iliyo mbaya kuliko zote ikiwa ni ile ya Labur ya mwaka 1918, waliifanya wilaya ya kufungiwa, kisha wakaona kuwa mahali pasipoweza kutokea jambo ni mahali pafaapo kwa watu wasiotakiwa kufanya jambo. Jomo Kenyatta aliletwa Lokitaung mwaka 1953, na kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959 akashushiwa Lodwar, akae huko bila ya kuondoka. Serikali iliichagua Lodwar kwa kuwa ilikuwa muhali. Na Juni 1963 mkazi wake huyo alikuwa Waziri Mkuu.

Baada ya muhali ukaja wajibu. Ukame wa miaka ya 1979 hadi 1981, ambao wenyewe huuita Lopiar, ulipofagia mifugo pamoja na maradhi na uvamizi, wafadhili walikwisha kuamua kuwa Waturkana sharti wawe wavuvi, na huko Kalokol kikajengwa kwa fedha za Norway kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kilichofanya kazi siku chache tu kisha kikanyamaza, maana barafu ilihitaji umeme na maji safi ambayo nchi haikuwa nayo. Na hori ya Ferguson, iliyokuwa chimbuko la samaki, baadaye ikakauka. Ziwa kupungua ni jaizi. Kila mzee wa kando yake alijua hivyo.

Lokichoggio nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1987 Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua Lopiding hospitali ya majeruhi wa vita vya Sudan, na mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha mpango wa kupeleka chakula na dawa kusini mwa Sudan, Operation Lifeline Sudan, ambao makao yake ya mbele yalikuwa hapo Loki. Kijiji kikageuka bandari isiyo na bahari. Ndege zilipaa alfajiri na kurudi magharibi, mahema ya mashirika yakaenea, vijana wa Kiturkana wakapata kazi za ukuli, ulinzi na udereva, na wengine wakajifunza Kiswahili chao kutoka kwa matingo wa malori ya Mombasa. Katika karakana ya Lopiding walitengeneza miguu ya bandia, na mtu aliyeletwa akiwa amelala aliweza kutoka akitembea, akaamua mwenyewe aelekee wapi. Kisha tarehe 9 Januari 2005 mapatano ya amani ya Sudan yakatiwa saini Nairobi. Mashirika yakahamia Juba. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu ukaikabidhi hospitali kwa serikali ya Kenya. Na mji ukabaki na kiwanja chake. Amani, ambayo wote waliiomba, ndiyo iliyouondolea riziki, na sijapata kuona mfano ulio wazi kuliko huo wa ile yamkini yenye nyuso mbili.

Kakuma, iliyoanzishwa kuwa kambi mwaka 1992, ni kisa kingine. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa vijana na watoto wa Sudan waliofukuzwa Uhabeshi baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991, wakatembea hata Kapoeta, na Kapoeta ilipotwaliwa Mei 1992 wakavuka mpaka wakaingia Lokichoggio. Waandishi wa nje hupenda kuandika kuwa jina Kakuma ni la Kiswahili na maana yake ni mahali pasipo popote. Sisi wenye lugha twawaomba watuonyeshe neno hilo, kwa kuwa hatulijui, wala babu zetu hawakulijua. Walilibuni kwa sababu walikwisha kuihukumu kambi kabla ya kuuliza jina lake. Watu wapatao 3,800 katika vijana hao walipelekwa Marekani, wengi wao mwaka 2001. Wengine walibaki, wakazaa, na kambi pamoja na makazi mapya ya Kalobeyei imepindukia watu laki mbili, wenye maduka, misikiti, makanisa na timu za mpira.

Humo kambini ndimo ulimo uzi wa tatu wa Turin. Wasalesiani, shirika lililoasisiwa mjini humo mwaka 1859 na padri Giovanni Bosco, mtu wa watoto wa mitaani, wana shule ya ufundi ambamo kijana hujifunza useremala, uashi, ushonaji na kuchomea vyuma. Abbagnano hakuwa mtu wa kanisa, na siku zake za Turin za baada ya vita alizitumia na akina Norberto Bobbio katika kile walichokiita nuru mpya, wakitaka falsafa ishuke kutoka katika Roho na kuingia katika sayansi, jamii na mambo ya kila siku. Mwaka 1951 alishirikiana na Franco Ferrarotti kuanzisha jarida la kwanza la elimu ya jamii Italia baada ya vita, na baina ya mwaka 1946 na 1950 alikuwa ameandika ile historia yake ya falsafa ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kiitalia vimeibeba katika mikoba. Lakini nadhani angalisimama kwa muda mrefu mlangoni mwa karakana ya Kakuma. Mkimbizi hana ruhusa ya kwenda atakako, hana shamba, pengine hana hati. Ila akiisha kujua kuunga ubao kwa ubao, ujuzi huo huchagulika tena Kakuma, na Juba, na popote.

 Ahadi kubwa nazo hazikukosekana: Septemba 2013 ilitangazwa mbele ya ulimwengu kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, ulio kaskazini ya Kakuma, pamegunduliwa bahari ya maji iliyofichika, ya kutosha Kenya kwa miaka mingi. Magazeti yaliandika kana kwamba bomba limekwisha kufunguliwa. Walipochimba zaidi wakayaonja, wakakuta yana chumvi nyingi mno. Mwaka mmoja kabla ya hapo palikuwa pametangazwa mafuta, upande wa Lokichar, kwa sauti ile ile. Wafugaji wa Lotikipi waliyasikia yote mawili, na kiangazi kilipoingia wakagawa makundi kama kawaida.

Kabla ya kugawa, na hasa njia inapokuwa na mashaka, hutafutwa mzee ajuaye kuzisoma kubadhi. Huzivua za miguuni mwake, ambazo siku hizi ni akala zilizokatwa katika matairi ya magari, akazitia mate kidogo, akazirusha juu zianguke mchangani, kisha akainama kuangalia ipi imelala juu ya mwenziwe, ipi imeelekeza kisigino mashariki, na kuna nini katika nafasi iliyobaki kati yazo. Asiporidhika huziokota akazirusha tena. Watu husubiri, wengine wakibishana, wakitaja visima wanavyovijua. Akiisha kusema aliyoyaona, huzikung'uta mchanga, akazivaa, akashika fimbo yake, kwa kuwa ndizo hizo hizo atakazokwendea.